Ubwiri Unga kwenye Maua: Kusoma Dalili, Kujua Chanzo, Kuchagua Tiba

Kwa kila ugonjwa wa kuvu bustanini utaambiwa jambo lilelile: punguza maji, majani yakae makavu. Kwa ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaopaka majani unga mweupe, ushauri huo hausaidii sana. Spora za kuvu hii, yaani vijimbegu vyake, hazihitaji tone la maji ili ziote. Zinatosheka na unyevu uliomo hewani, na zikilowa kabisa nyingi hushindwa kuota au hupasuka. Ndiyo maana msimu unaweza kuwa mkavu, jua linawaka, mvua hakuna, na bado zinia zako zikageuka nyeupe. Usiku ukiwa wa ubaridi wenye hewa nzito, na mchana ukiwa na uvuguvugu wa kati ya nyuzi 15 na 27 za Selsiasi, hapo ugonjwa unapata mahali pake. Spora ikitua juu ya jani, chini ya wiki moja inaweza kuwa imezaa nyingine, na upepo unazisambaza.

Jambo la pili la kushika kabla ya kununua dawa yoyote ni kwamba kuvu hii inaishi juu ya jani. Nyuzi zake zinatambaa nje, na kinachoingia ndani ni vijimzizi vidogo vinavyopenya seli za ngozi tu na kunyonya chakula. Haina faida ya kuua mmea, maana mmea ukifa nayo imekwisha. Kwa hiyo una nafasi ya kutazama vizuri. Mmea wenye madoa machache leo hautakufa kesho. Kuchelewa siku mbili kuna hasara ndogo kuliko kupulizia dawa ya ugonjwa ambao huna.

Je, ni ubwiri unga kweli?

Pitisha kidole kikavu juu ya doa. Ubwiri unga unafutika, unabaki kidoleni, na chini yake jani bado lina kijani au limeanza umanjano hafifu. Ukiwa na lenzi ya mkononi, lishike jani kwa ubavu ili mwanga upite juu yake. Utaona nyuzi nyembamba zimelala kwenye jani, na kutoka kwenye nyuzi hizo vijiti vifupi vimesimama wima, spora juu ya spora, kama shanga zilizotungwa. Puliza kwa mdomo taratibu na baadhi zinapeperuka. Ukiyaona hayo huhitaji kipimo kingine.

Kama kidole hakitoi jibu, angalia haya yanayofanana nao.

Chokaa ya maji huacha alama zenye umbo la tone lililokauka, ukingo ukiwa mweupe kuliko katikati, na hukaa pale maji yalipodondokea tu. Weka tone la siki kwenye alama moja. Chokaa itayeyuka, ubwiri unga hautayeyuka. Mabaki ya dawa uliyopulizia wiki iliyopita nayo huonekana hivyohivyo. Njia rahisi ya kuyatofautisha ni kuosha jani kwa maji na kusubiri siku chache: mabaki hayarudi, kuvu inarudi.

Weupe uliojikusanya kwenye makwapa ya majani na kwenye vifundo vya shina, wenye nyuzi za nta na unaonata, ni vidung'ata. Ufumue kwa kijiti nawe utamwona mdudu ndani. Dawa ya kuvu haitamfanya kitu. Mabua yenye vigamba vyeupe visivyotoka kwa kidole ila kwa ukucha ni wadudu gamba, na hao pia wana tiba yao.

Kinachochanganya watu zaidi ni ubwiri vinyoya. Majina yanafanana lakini viumbe vyenyewe hata si ndugu, na tiba zao zimeachana. Ubwiri vinyoya huonyesha mabaka ya njano au zambarau juu ya jani, yenye pembe kwa sababu yamezuiwa na mishipa ya jani, na ukigeuza upande wa chini unakuta manyoya ya kijivu au ya zambarau chini ya mabaka hayo. Wenyewe unapenda majani yaliyolowa. Huo ndio unaostahili ushauri wa kukausha majani. Salfa, ambayo ni mkombozi kwenye ubwiri unga, haisaidii kitu cha maana kwenye ubwiri vinyoya. Ukiwa na shaka, geuza jani: unga ulioanza juu na kutapakaa bila kujali mishipa ni ubwiri unga, manyoya ya chini tu, yaliyokatwa na mishipa, ni ule mwingine.

Wenye krisanthemumu waangalie pia vipele vyeupe au vya waridi hafifu upande wa chini wa jani, na juu yake kijishimo kilichobonyea. Hiyo ni kutu nyeupe. Katika nchi nyingi ni ugonjwa wa karantini unaotakiwa kuripotiwa kwa mamlaka ya afya ya mimea, kwa hiyo usihamishe vipandikizi.

Kuna pia mimea iliyozaliwa na weupe wake: majani yenye manyoya ya fedha au mabaka meupe yaliyojipanga sawasawa kulia na kushoto kwa mshipa mkuu. Hayo si maradhi, yaache.

Madoa machache ya mviringo, majani ya chini, upande wa kivuli

Huu ndio mwanzo wa kawaida, na ndio wakati ambao tiba ni nyepesi. Ingiza mkono katikati ya kichaka na upekue. Utakuta madoa yameanzia mahali ambapo hewa haipiti na jua halifiki. Kuna sababu mbili. Hewa iliyosimama inashika unyevu, na mwanga mkali wa jua unaua spora zilizo wazi. Jani la kivulini limekosa upepo na jua kwa pamoja.

Ng'oa majani yenye madoa kwa mkono wako siku ileile, uyatie kwenye mfuko papo hapo badala ya kuyatupa chini ya mmea. Ukiyatikisa umeisaidia kuvu kusafiri. Kisha punguza matawi ya katikati, hasa yanayopishana, mpaka ukisimama upande mmoja uone mwanga upande wa pili. Usiondoe zaidi ya theluthi ya mmea kwa mara moja. Baada ya hapo pulizia dawa ya kugusa, yaani inayofanya kazi pale tu inapogusa (nimezieleza mbele), ukilenga pande zote mbili za jani.

Mara nyingi hapo panatosha. Ukiwa na mimea iliyobanana kiasi kwamba majani ya mmoja yanalala juu ya mwingine, ng'oa mmoja kati ya kila mitatu. Inauma, lakini nafasi inafanya kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya.

Majani machanga yamejikunja, unga hauonekani vizuri

Hili ni tatizo la mawaridi zaidi. Kuvu ya mawaridi, Podosphaera pannosa, inapenda tishu laini. Jani la waridi likishakomaa na kupata ngozi ngumu, linaambukizwa kwa shida. Kwa hiyo dalili zinatokea kwenye ncha: majani mapya yanapinda na kujiviringisha, yanageuka rangi ya zambarau au wekundu, na unga wenyewe unaweza kuwa hafifu au umejificha mikunjoni. Mtu anaona jani limepinda, anadhani ni wadudu, anapulizia dawa ya wadudu, na wiki inapita.

Fungua jani lililojikunja uangalie ndani. Ukikuta vijidudu vya kijani au vyeusi na utomvu unaonata, ni wadudu mafuta. Ukikuta jani limekuwa na vidoti vya njano vidogo sana na utando mwembamba upande wa chini, ni utitiri. Majani yakiwa yamekonda na kurefuka isivyo kawaida, tena kwenye mimea ya aina tofauti iliyo jirani, fikiria dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo. Ukikuta weupe hata kidogo, hasa kwenye kikonyo na kwenye shina changa karibu na miiba, jibu umelipata.

Ukishalipata, jiulize mmea umekula nini. Machipukizi mengi, laini, yanayokua kwa kasi ni matokeo ya mbolea yenye nitrojeni nyingi, iwe urea au samadi mbichi iliyomwagwa kwa ukarimu, na machipukizi hayo ndiyo meza iliyoandaliwa kwa kuvu hii. Acha nitrojeni mpaka ugonjwa utulie. Kata ncha zilizoathirika, sentimita chache chini ya weupe wa mwisho unaouona. Dawa inayofaa hapa ni ya kukinga majani yatakayokuja, kwa sababu yaliyokwisha kupinda hayatanyooka tena hata kuvu ikifa yote. Pulizia chipukizi likiwa bado dogo, urudie kadiri majani mapya yanavyofunguka. Jani lililofunguka baada ya kupulizia halina dawa juu yake.

Matumba yamepakwa unga na hayafunguki

Angalia shingo ya tumba, pale linapokutana na kikonyo, na vile vijani vya kijani vinavyolikumbatia. Kwenye mawaridi weupe huanzia hapo. Tumba lililofunikwa linaweza kukauka likiwa limefumba, au likafunguka upande mmoja na kutoa ua dogo lililopauka. Usipoteze dawa kuliokoa. Likate. Mmea utatoa jingine, na hilo ndilo la kulilinda tangu likiwa dogo.

Petali zenyewe ni laini kuliko jani. Mafuta na sabuni huziachia madoa, kwa hiyo ukiwa na maua yaliyokwisha kufunguka unayotaka kuyatazama au kuyakata, yaondoe kwanza ndipo upulizie. Utawasaidia nyuki pia. Pulizia jioni, wamekwisha kurudi mizingani.

Kama petali zina ukungu wa kijivu uliofumuka na zinaoza kwa ubichi, hasa baada ya siku za mvua na ubaridi, huo si ubwiri unga. Ni uozo wa kijivu, nao unaondolewa kwa kukata maua yaliyozeeka na kukausha mazingira.

Hakuna unga, kuna makovu

Kalanchoe na sedumu hudanganya. Majani yao ni manene, na mara nyingi ugonjwa unajitokeza kwa vidonda vya kahawia vyenye gaga, vikavu, unga ukiwa mchache kiasi cha kutoonekana kwa macho. Watu hudhani jani limeungua jua. Tumia lenzi pembeni mwa kidonda, ambapo kuvu bado iko hai. Begonia nazo huanza kwa madoa yanayong'aa kana kwamba jani limedondoshewa mafuta, na weupe hufuata baadaye. Begonia ni dhaifu mbele ya ugonjwa huu na huangusha majani haraka, hasa zile za ndani ya nyumba au barazani. Kwa hizo ukiona doa la kwanza usingoje la pili.

Kichaka kizima kimekuwa cheupe, maua yanakaribia kuisha

Zinia, dalia na floksi zina tabia ya kukaa safi karibu msimu wote kisha kugeuka nyeupe mwishoni. Hapa nitasema jambo ambalo wauza dawa hawatalipenda: kama mmea ni wa msimu mmoja na umebakiza wiki chache, acha dawa. Kata maua unayoyataka, ng'oa mmea, uondoe mabaki yote. Majani ya uzee hayatapona, nawe utakuwa unapulizia kitu kilichokwisha kumaliza kazi yake. Kwa mmea wa kudumu, kata hadi chini ya sehemu iliyoathirika baada ya maua kuisha na uache uchipue upya.

Ukiangalia majani hayo ya zamani kwa karibu, unaweza kuona vidoti vyeusi vidogo mno ndani ya weupe, vingine vya kahawia au njano bado. Hivyo ni vifuko ambamo kuvu hungojea wakati mgumu upite. Kwa hiyo mabaki yasibaki kitandani pa maua. Yafukie kwa kina mbali na bustani, au yatie kwenye mboji inayopata moto wa kweli katikati. Mboji inayooza polepole bila kupata joto haifai kwa kazi hii.

Kuhusu kuchovya mkasi kwenye dawa kila baada ya tawi: kwa magonjwa ya bakteria ni lazima. Kwa ubwiri unga, ambao spora zake zimekwisha kujaa hewani, usafi wa mkasi ni jambo jema lisilobadilisha mengi. Nguvu hiyo ielekeze kwenye kuokota majani.

Dawa, kwa mpangilio ambao mimi huufuata

Bikaboneti ya potasiamu ndiyo ninayoanza nayo pale unga unapoonekana tayari, kwa sababu inaua kilichopo. Inabadilisha hali ya uso wa jani na kuharibu nyuzi za kuvu zinapoguswa. Gramu 5 kwa lita 1 ya maji, pamoja na matone machache ya sabuni laini ya maji ili mchanganyiko usiteleze kwenye jani. Bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia unga wa mikate, inatumika kwa kipimo hichohicho, lakini ni dhaifu zaidi na sodiamu yake ikirundikana udongoni inaudhuru mmea. Itumie ukikosa ile nyingine, tena kwa mimea michache.

Hapa kuna mapishi yanayosambaa sana ya kuchanganya bikaboneti na siki kwenye chupa moja. Yanatoa povu na kufurahisha macho. Povu hilo ni viwili hivyo vikimalizana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Usijisumbue. Siki peke yake nayo inaunguza jani kabla haijaiumiza kuvu vya kutosha.

Mafuta ya mwarobaini, au mafuta mepesi ya bustani, yanaua kuvu iliyopo na kukinga kidogo. Kwa mwarobaini, mililita 5 kwa lita 1 pamoja na sabuni, na utikise pampu kila mara kwa sababu mafuta hupanda juu. Usiyatumie jua likiwa kali wala kwenye mmea uliosinyaa kwa kiu.

Maziwa yanafanya kazi, na hili si la waganga wa mitaani. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazili, Wagner Bettiol, alichapisha majaribio ya maziwa ya ng'ombe dhidi ya ubwiri unga wa maboga machanga ndani ya banda la kioteshi, na michanganyiko yenye nguvu ilifanya vizuri sawa na dawa za viwandani alizolinganisha nazo. Sehemu 1 ya maziwa kwa sehemu 9 za maji, mara moja au mbili kwa wiki, mahali penye mwanga. Ukizidisha kipimo, jani linabaki na harufu na linaota ukungu mweusi wa juujuu. Naona yanafaa zaidi kama kinga kwenye mimea michache kuliko kama tiba ya kichaka kilichokwisha kuwa cheupe.

Salfa ni mzee wa dawa hizi. Mwaka 1845 mtunza bustani Edward Tucker aligundua ubwiri unga kwenye mizabibu huko Margate, Uingereza. Ugonjwa ukavuka bahari na kuvamia mizabibu ya Ufaransa, na salfa ndiyo iliyoiokoa. Hadi leo kuvu haijaizoea. Kazi yake kubwa ni kukinga: spora ikitua penye salfa haioti. Ina masharti mawili yasiyovunjika. Usipulizie joto likikaribia nyuzi 30, kwa kuwa itaunguza majani, na usiitumie ndani ya wiki 2 kabla au baada ya kupulizia mafuta yoyote. Mafuta na salfa vikikutana juu ya jani, jani ndilo linaloumia. Vaa barakoa na miwani, inawasha macho vibaya.

Dawa zinazoingia ndani ya mmea, zenye viambata kama maiklobutanili, tebukonazoli au azoksistrobini, ni za pale hayo mengine yameshindwa na mmea una thamani. Soma lebo: pana namba ya kundi, inayoonyesha namna dawa inavyoishambulia kuvu. Maiklobutanili na tebukonazoli ni kundi la 3, azoksistrobini ni la 11. Ukibadili kutoka maiklobutanili kwenda tebukonazoli umebadili chupa tu, kuvu inaona dawa ileile. Badilisha kwa namba, na usirudie kundi moja mfululizo zaidi ya lebo inavyoruhusu. Kipimo, glavu na muda wa kukaa mbali baada ya kupulizia, fuata lebo ya dawa uliyonayo mkononi, si ya jirani.

Na maji matupu? Yanasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Kuosha majani kwa mrusho wa maji asubuhi mapema, ili yakauke kabla ya adhuhuri, kunaondoa spora na kuziharibu. Shida iko kwenye mawaridi yenye madoa meusi, ugonjwa ambao unataka jani lililolowa. Ukiwa nao, usitibu ugonjwa mmoja kwa kuulisha mwingine.

Umepulizia na bado unarudi

Malalamiko haya yana vyanzo vichache, na kile kinachoongoza ni macho kutazama mahali pasipo. Jani lililokuwa na doa litabaki na alama, pengine ya njano au kahawia, hata kuvu ikifa. Ukitathmini dawa kwa jani hilo utasema imeshindwa, utaongeza kipimo, na utaunguza mmea. Funga uzi kwenye tawi moja, juu ya jani la mwisho lililofunguka siku ya kupulizia. Baada ya siku 10 tazama yaliyoota juu ya uzi. Yakiwa safi, dawa imefanya kazi.

Yakiwa na unga, fuatilia hivi. Kwanza, dawa ilifika? Dawa za kugusa haziendi popote zenyewe. Mara tu baada ya kupulizia, geuza majani ya katikati ya kichaka. Yakiwa makavu upande wa chini, ulipulizia nusu ya mmea. Pampu ya mkono yenye tundu kubwa inarusha matone yanayoanguka. Rekebisha itoe ukungu mwembamba, na pulizia kutoka chini kwenda juu. Majani yenye nta, kama ya waridi lililokomaa, yanahitaji ile sabuni, la sivyo matone yanabingirika.

Pili, uliacha muda gani kati ya mpulizio na mpulizio? Kama kizazi kipya kinakamilika ndani ya wiki, kupulizia mara moja kwa mwezi ni kuipogoa kuvu tu. Bikaboneti na mafuta yanataka kurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10 mpaka majani mapya yatoke safi, na mapema zaidi mvua ikiyasafisha.

Tatu, je, umetumia dawa moja ya kundi lilelile kwa msimu mzima na mwanzoni ilifanya kazi? Huo ni usugu. Hamia salfa au bikaboneti, ambazo kuvu haizizoei kirahisi.

Nne, chanzo kiko jirani? Kuvu hizi huchagua wenyeji wao. Ile ya mawaridi haihamii kwenye zinia, kwa hiyo maboga yenye unga ukutani hayahusiki na waridi lako. Lakini waridi la jirani lisilotunzwa linahusika, na vivyo hivyo machipukizi ya msimu uliopita uliyoyaacha kwenye mmea wako mwenyewe, maana kwenye mawaridi kuvu hujificha ndani ya vichipukizi vilivyolala na kuamka navyo.

Majani yameungua baada ya kupulizia

Kingo za kahawia zilizotokea siku moja au mbili baada ya dawa, kwenye majani yote yaliyopigwa jua kwa pamoja, ni dawa na si ugonjwa. Ugonjwa hausambai kwa mpangilio wa pampu. Mara nyingi ni jua kali, kipimo kilichozidi, sabuni ya kuoshea vyombo yenye kemikali kali, au mmea uliokuwa na kiu. Suuza majani kwa maji safi, mwagilia shinani, uache mmea upumzike wiki nzima. Safari ijayo jaribu dawa mpya kwenye majani mawili na usubiri saa 24 hadi 48 kabla ya kupulizia mmea wote.

Kiu yenyewe inastahili neno. Mmea wenye mizizi mikavu unashindwa kujikinga, na ndio unaougua kwanza kwenye safu. Maji mengi kwa mara chache, yakienda chini ya shina, na matandazo juu ya udongo, yanapunguza ugonjwa huu ingawa hayagusi jani kabisa.

Mmea uleule, kila msimu

Kama umepunguza matawi, umeacha nafasi, umeondoa mabaki, umetibu kwa wakati, na floksi ya kona ileile bado inageuka nyeupe kila mwaka, tatizo ni mahali au ni aina. Hesabu jua linalofika pale: chini ya saa 6 kwa siku, mimea inayopenda jua itaugua tu. Ukuta unaozuia upepo na kurudisha joto la mchana unafanya kazi hiyohiyo.

Mahali pakiwa pazuri, badili aina. Floksi nyeupe ya 'David' imejijengea sifa ya kuhimili. Kwa zinia, jamii za 'Profusion' na 'Zahara' zinastahimili kuliko zinia ndefu za zamani, japo ua ni dogo zaidi. Monada ya 'Jacob Cline' inavumilia kuliko nyingi za jamii yake. Kwa mawaridi, Rosa rugosa na machotara wake wenye majani manene yaliyokunjamana hawasumbuliwi sana, na hawapendi kupuliziwa salfa, kwa hiyo usiwape dawa ambayo hawaihitaji.